Kalamu Nyekundu ya Jirani

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wahariri wanafunzi na walimu walezi wao, siku ya kufungua warsha ya machapisho ya shule za sekondari. Baadhi yao waliniomba niyaweke katika maandishi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, ila pale nilipokuwa nakimbizana na saa, hapa nimetua kidogo.

Wahariri wakuu na wasaidizi wenu, waandishi, wapiga picha, wachora katuni, ninyi mnaopanga kurasa wakati wenzenu wamelala, na walimu walezi mnaobaki shuleni hadi taa ya mwisho izimwe: nawasalimu nyote.

Nilipoingia humu ndani nimewakuta mmekaa kwa makundi. Watu wa magazeti wako upande wa madirisha, watu wa majarida ya fasihi wamejibanza nyuma, na watu wa kitabu cha mwaka, kile cha picha na majina ya wanafunzi, wameijaza safu ya mbele na kamera zao. Nimesikia na minong'ono. Nani alishinda mwaka jana, nani kaiga jalada la nani, nani toleo lake limejaa picha za marafiki wa mhariri. Sitawaambia muache. Ushindani huo ni mali. Nimekuja kwa sababu wengi wenu mmekalia mali hiyo bila kujua inatumikaje.

Nianze na ya kwangu.

Niliingia kazi hii nikiwa na miaka 16, enzi za stensili. Najua wengi hamjaiona, kwa hiyo niwaeleze. Stensili ilikuwa karatasi nyembamba iliyopakwa nta. Unaiingiza kwenye taipureta, unaushusha utepe wa wino ili usiguse, kisha unagonga herufi ziikate ile nta zenyewe. Ukikosea, unapaka dawa ya kusahihishia, unapuliza mpaka ikauke, unagonga tena palepale. Ukigonga kwa hasira, herufi o inatoboka yote na msomaji anaona doa jeusi mahali pa herufi. Ukishamaliza, stensili inavishwa kwenye ngoma ya mashine ya kurudufu, mmoja anazungusha mkono wa mashine, mwingine anapokea karatasi zikiwa bado na unyevu wa wino.

Shuleni kwetu kulikuwa na machapisho mawili: gazeti la habari, ambalo ndilo langu, na jarida la hadithi na mashairi. Tulipewa chumba kimoja, taipureta mbili, na mashine moja ya kurudufu. Taipureta moja ilikuwa na herufi s inayokwama. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, na sisi tuligongana kila siku: zamu ya taipureta nzima ni ya nani, nani kamaliza rimu ya karatasi, nani kaacha ngoma ya mashine bila kuifuta wino. Sisi tuliwaona wao watu wa ndoto wasiojua tarehe. Wao walituona sisi watu wa haraka wasiojua kuandika.

Basi Ijumaa moja toleo letu likatoka. Jumatatu asubuhi tulipofungua chumba, tulilikuta limetundikwa kwa msumari kwenye mlango wa kabati letu, kurasa zote wazi, limejaa wino mwekundu. Kila neno lililokosewa limezungushiwa duara. Pale tulipoandika kwamba timu yetu ilishinda kwa mabao matatu, na aya ya mwisho ikataja wafungaji wawili tu, kando yake kulikuwa na swali: “La tatu lilijifunga lenyewe?” Jina la mwalimu mmoja tulikuwa tumeliandika kwa namna mbili tofauti katika ukurasa uleule, na mstari mwekundu uliziunganisha hizo namna mbili kama kamba. Chini kabisa, mahali pa majina yetu, jina langu mimi mhariri mkuu lilikuwa limepungukiwa herufi moja. Nilikuwa nimelisoma mara tatu kabla ya kulipitisha.

Tulikasirika. Mhariri wetu wa michezo aling'oa msumari. Lakini jioni, wenzangu walipoondoka, niliichukua ile nakala nikakaa nayo. Makosa yalikuwa 31. Nikayahesabu tena, yakawa 31. Nikajiuliza nani mwingine katika shule ile nzima alikuwa amelisoma gazeti letu kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Wanafunzi wenzetu walitafuta majina yao wakamaliza. Walimu waliangalia kama tumewataja vibaya. Mzazi aliangalia picha. Mwalimu mlezi, Mungu amrehemu, alikuwa na madarasa matano ya kusahihisha. Mtu pekee aliyesoma mpaka tangazo la viatu vilivyopotea alikuwa mhariri wa jarida, msichana aliyetuzidi mwaka mmoja, ambaye tulikuwa tukimwita adui.

Tangu siku hiyo nimeamini jambo moja, na miaka yote niliyolea vilabu vya uandishi haijanibadilisha: mshindani wako ndiye msomaji wako wa kweli. Wengine wote wanakupitia. Yeye anakusoma kwa sababu anataka kukushika, na ili akushike ni lazima ajue ulichoandika, ulichoacha, na ulichokizungukia kwa sababu hukuwa na uhakika nacho. Rafiki atakwambia toleo zuri sana. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nimeyaonja maji hayo katika magazeti mengi ya wanafunzi yaliyokuwa peke yao shuleni, yasiyo na wa kuyatazama kwa jicho la wivu. Mwaka wa kwanza yana nguvu. Mwaka wa tatu ni orodha ya matukio na picha za watu waliosimama mstari.

Tukaanza na sisi kuwasoma wao. Tulinunua kalamu yetu, nyekundu vilevile. Jarida lilipotoka tulikesha nalo tukitafuta makosa, na nakiri kwamba sehemu kubwa ya usiku ule tuliitumia kusoma tu, tukasahau kalamu. Kulikuwa na hadithi ya mzee anayerekebisha saa za watu huku ya kwake imesimama, na hakuna kati yetu aliyepata pa kuweka duara. Tulitundika nakala yao ikiwa na makosa 9. Wakatujibu na 22. Tukashuka hadi 14. Kufika muhula wa pili, tulikuwa tunasoma prufu, yaani nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, watu watatu, mmoja akisoma kwa sauti kutoka nyuma kwenda mbele, neno moja moja, ili macho yasidanganywe na maana ya sentensi. Hila hiyo hakuna mwalimu aliyetufundisha. Tuliibuni kwa kuogopa mlango wa kabati.

Jambo hili ni la zamani kuliko stensili. Mwaka 1786, katika shule ya Eton huko Uingereza, wavulana wachache walianzisha jarida la kila wiki waliloliita The Microcosm. Mmoja wao alikuwa George Canning, ambaye mwaka 1827 alikuja kuwa waziri mkuu wa nchi yake. Walitoa matoleo 40 wakaacha. Mwaka 1788 wavulana wa shule ya Westminster nao wakatoa la kwao, The Trifler. Shule hizo mbili zilikuwa zikitazamana kwa husuda ya siku nyingi, na sasa husuda ikapata karatasi. Ikatoka picha ya mizani: katika sahani moja wamekaa wa Westminster, wamezama kwa uzito wao, na katika sahani ya pili wako wa Eton, wepesi, wameinuliwa juu. Upande wa Eton ukajibu kwa beti fupi: mnachotuonyesha ni nini, kama si kwamba sisi tunapaa angani na ninyi ni wazito? Westminster nao hawakulala. Wakarudisha jibu kwa ubeti vilevile: hata manyoya huelea hewani, na mapovu nayo hupanda.

Mnacheka, na mimi hucheka kila ninapoisimulia. Msomaji wa Kiswahili aliyewahi kufuatilia malumbano ya washairi magazetini anaijua ladha hii, mtu anajibiwa kwa mizani aliyoianzisha mwenyewe. Lakini angalieni kazi iliyofanyika pale. Ili Eton wajibu, walilazimika kuitazama picha ya mwenzao kwa makini mpaka waione maana ambayo mchoraji hakuikusudia. Ili Westminster warudishe, walilazimika kuupokea ubeti wa mwenzao, wakaukubali jinsi ulivyo, kisha wakaupindua. Hakuna upande uliomtukana mtu. Walipigania picha moja, na kila jibu lilikuwa bora kuliko lililotangulia.

Sasa niwageukie ninyi wa kitabu cha mwaka na ninyi wa gazeti, kwa sababu nimeona ugomvi wenu katika shule nyingi na unafanana kila mahali. Mara nyingi unaanzia kwenye kamera. Gazeti linataka kamera Jumatano kwa ajili ya mechi, kitabu cha mwaka kinaitaka siku hiyohiyo kwa ajili ya picha ya kwaya. Chini ya kamera kuna tofauti ya saa. Gazeti linaishi kwa wiki au kwa mwezi. Likikosea, toleo lijalo lina kona ya masahihisho, na watu husahau. Kitabu cha mwaka hutoka mara moja. Mwanafunzi ambaye jina lake limekosewa chini ya picha yake ataliona kosa hilo akiwa na miaka 50, akiwaonyesha watoto wake. Ndiyo maana watu wa kitabu cha mwaka wanaonekana wagumu, wanauliza tahajia ya jina mara nne, wanakuandikisha kwenye karatasi. Gazeti huwacheka kwa hilo. Na wao hulicheka gazeti kwa kuchapisha habari ambayo haijapoa, bila kujua kwamba habari ikisubiri mpaka ipoe imeshakuwa kumbukumbu.

Kila upande una ujuzi ambao mwingine unauhitaji. Nimewahi kuona shule moja ambako orodha ya majina ya wanafunzi wote, iliyohakikiwa na watu wa kitabu cha mwaka herufi kwa herufi, ilibandikwa ukutani gazeti litumie, na gazeti likawapa kitabu cha mwaka tarehe na matokeo ya kila tukio. Hawakuacha kutaniana hata siku moja. Wa gazeti waliendelea kuwaita wenzao makarani, na wao wakaendelea kuwaita wale zimamoto. Lakini majina yakawa sahihi pande zote mbili.

Nifike kwenye jambo ambalo linanipa tabu kulisema, na nalisema kwa sababu kuna mtu humu ndani atakuwa anapanga kulifanya wiki ijayo.

Katika mwaka uleule wa kalamu nyekundu, jarida lilichapisha shairi la mvulana wa kidato cha kwanza. Lilikuwa shairi la mtu anayeendelea kuandaa vikombe viwili kila asubuhi. Vina vyake vilichechemea, mizani ilipungua hapa na pale. Sisi tulikuwa tumepata makosa machache mno katika toleo lile, na tulitaka ushindi. Nikaandika shairi la kulidhihaki, vikombe viwili vikawa vikombe ishirini, na mchora katuni wetu akamchora mshairi amezungukwa na vikombe mpaka shingoni. Tukaweka ukurasa wa mbele. Shule nzima ilicheka.

Mvulana yule alikuwa amefiwa na mama yake miezi minne kabla. Kikombe cha pili kilikuwa cha mama.

Hatukujua. Nimejisemea hivyo mara nyingi, na ni kweli, hatukujua. Lakini hatukuuliza, na tulikuwa tunajiita waandishi wa habari, watu ambao kazi yao ni kuuliza. Mhariri wa jarida hakuja kupigana. Alikuja mezani kwangu, akaweka nakala ya gazeti letu mbele yangu. Haikuwa na duara hata moja. Akaniambia, “Hili sijalisahihisha,” akatoka.

Nimefikiri sana tangu siku hiyo mpaka wa utani uko wapi. Kiswahili kimetupa neno hilo, utani, na mtani si mtu wa kuchukiwa. Anaruhusiwa kukwambia ambayo wengine hawathubutu, kwa kuwa pande zote mbili zinajua atasimama wapi mambo yakiharibika. Ninavyoona, kazi iliyochapishwa ni halali kutaniwa: kichwa cha habari, mpangilio wa ukurasa, picha iliyokatwa kichwa, tarehe iliyokosewa, majigambo ya mhariri mkuu. Mhariri mkuu na wenzake waliojitokeza wenyewe wanaweza kutaniwa kwa nafasi zao. Mtoto mgeni aliyeleta kazi yake ya kwanza hajaingia kwenye mashindano yenu. Msimguse. Na msiguse nyumba ya mtu, wala mwili wake, wala msiba wake. Mkiwa na shaka, mpelekeeni upande wa pili kabla ya kuchapa, mwone kama wanacheka. Mtani wa kweli hucheka kwanza, kisha anatafuta la kukujibu.

Tuliomba radhi. Tulifanya jambo moja sahihi katika hilo: radhi iliwekwa ukurasa wa mbele, palepale palipokuwa na katuni, kwa ukubwa uleule. Dhihaka ya ukurasa wa mbele haifidiwi kwa mistari miwili karibu na tangazo la viatu vilivyopotea. Mvulana hakuandika tena mwaka ule.

Wiki tatu baadaye, usiku wa kuamkia siku ya kutoa toleo la kufunga mwaka, chupa ya dawa ya kusahihishia ilimwagikia stensili zetu. Zilikuwa nane, zimepangwa juu ya meza. Nta ililainika, karatasi zikagandana, na tulipojaribu kuzibandua zikachanika. Stensili iliyochanika haiunganishwi. Ilikuwa saa mbili usiku na tulikuwa na mtu mmoja tu anayejua kuchapa kwa kasi, naye alikuwa mgonjwa. Sikuwa na la kufanya. Nilikwenda kwenye bweni la wavulana nikaamsha wawili, na mmoja wetu, msichana, akaenda bweni la pili bila kuniambia anamfuata nani.

Wakaja wanne wa jarida. Mhariri wao hakunisalimu. Alivuta kiti, akaweka stensili mpya kwenye taipureta ile nzima, akasema, “Soma.” Nikamsomea, naye akachapa. Taipureta yenye s mbovu aliichukua mwenzake, akawa anainua ile herufi kwa kidole kila inapokwama, mpaka kidole kikawa cheusi. Tulimaliza ukurasa wa mwisho karibu saa tisa. Nilipogeuka kwenda kwenye mashine ya kurudufu, aliyekuwa ameshika mkono wa mashine ni yule mvulana wa vikombe viwili. Alikuwa amekuja na wenzake, amekaa kimya muda wote, amefuta ngoma, amepanga karatasi. Alizungusha nakala 300. Aliniambia jambo moja tu usiku ule: “Karatasi zinakaribia kuisha.”

Jumatatu nakala yetu ilikuwa mlangoni. Makosa 6. Manne kati yake yalikuwa katika kurasa alizochapa mhariri wa jarida mwenyewe, nayo ameyazungushia duara sawasawa na mengine.

Kuna kitu kuhusu tuzo nikiseme, kwa kifupi, kwa kuwa najua mmezileta medali zenu. Mashindano rasmi ya machapisho ya wanafunzi yalipata sura yake Marekani miaka ya 1920. Mwaka 1925 Chuo Kikuu cha Columbia huko New York kilianzisha chama cha kukusanya na kupima machapisho ya shule, na mwaka 1926 George Gallup, yule ambaye baadaye jina lake lilihusishwa na kura za maoni duniani kote, alishiriki kuanzisha chama cha Quill and Scroll kwenye Chuo Kikuu cha Iowa, kwa ajili ya waandishi wanafunzi wa sekondari. Kabla ya kura za maoni, Gallup mwenyewe alikuwa amehariri gazeti la wanafunzi chuoni hapo. Mashindano hayo yamewasaidia wengi kwa sababu moja kubwa: jaji anakurudishia karatasi ya maoni. Medali hutundikwa ukutani, ila yale maoni ndiyo yatakayobadilisha toleo lenu. Nimekutana na wahariri walioipoteza karatasi ya maoni na wanaweza kukuonyesha medali gizani.

Jaji anawasoma mara moja kwa mwaka. Jirani anawasoma kila toleo.

Na jirani ana kazi nyingine, nzito zaidi. Mwezi Mei 1983, katika shule ya Hazelwood East jimboni Missouri, mkuu wa shule aliondoa kurasa mbili za gazeti la wanafunzi, Spectrum, kabla halijachapwa. Kurasa hizo zilikuwa na habari za wanafunzi waliopata mimba na za watoto ambao wazazi wao walitalikiana. Wanafunzi watatu walikwenda mahakamani, mmoja wao Cathy Kuhlmeier. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na Januari 1988 majaji watano dhidi ya watatu waliamua kwamba shule inaweza kuhariri gazeti linalotolewa kwa jina lake, mradi iwe na sababu ya msingi ya kielimu. Baada ya hapo majimbo kadhaa yalitunga sheria zao za kuwalinda wahariri wanafunzi. Kansas ilifanya hivyo mwaka 1992.

Sheria hiyo ilikuwa imekaa miaka 25 pale wanafunzi wa gazeti la Booster Redux, katika shule ya sekondari ya Pittsburg huko Kansas, walipoanza kuchunguza sifa za mkuu mpya wa shule aliyekuwa ameajiriwa. Hiyo ni mwaka 2017. Waliangalia chuo kilichodaiwa kumpa shahada, wakaona mambo hayakai sawa, wakauliza, wakamhoji, wakachapisha. Siku chache baadaye mkuu huyo alijiuzulu kabla hajaanza kazi. Waandishi wakubwa wa magazeti ya taifa waliwapongeza vijana wale hadharani.

Ninazisimulia hadithi hizi mbili pamoja kwa sababu ya swali ambalo hujiuliza kila ninapoziwaza. Kurasa mbili zikiondolewa kwenye gazeti lenu kesho, nani atajua? Wasomaji watapokea gazeti jembamba, wataligeuza, watasema mwezi huu hawakuwa na habari. Lakini jirani yenu, anayewasoma kwa kalamu nyekundu, anajua mlikuwa mnafuatilia nini. Amewaona mkiingia na kutoka ofisi ya mkuu wa shule. Alikuwa na wivu na hiyo habari yenu. Yeye ndiye wa kwanza kuuliza kurasa zilikwenda wapi, na ana mahali pa kuchapisha swali hilo. Gazeti lililo peke yake hunyamazishwa kwa mkutano mmoja wa dakika kumi. Machapisho mawili yanayosomana ni kazi zaidi kuyanyamazisha, na hapo sijataja shule ya pili ng'ambo ya barabara ambayo nayo inawasoma.

Najua kuna mwalimu mlezi humu anajiuliza kama nawachochea vijana. Mwalimu mwenzangu, ninawachochea wasomane. Ukiwa na machapisho mawili shuleni, usiwaunganishe ili upate amani. Nimeshuhudia hilo likifanyika, kwa nia njema kabisa, kuokoa karatasi na vyumba. Gazeti na jarida vikawa kitu kimoja, na katika muda mfupi mashairi yakawa ya kujazia nafasi na habari zikawa fupi kuliko maelezo ya picha. Hakukuwa na mtu wa kuona, kwa sababu wote walikuwa upande mmoja. Waache na vyumba vyao, au na chumba kimoja na makabati mawili. Wewe chunga tu kwamba yule mtoto mgeni asiumizwe.

Mhariri wa jarida na mimi hatukuwahi kuwa marafiki wa kutembeleana. Miaka mingi baadaye, nilipotoa kitabu changu kidogo cha mafunzo kwa waandishi wanafunzi, nilipokea bahasha. Ndani yake kulikuwa na nakala ya kitabu hicho, aliinunua mwenyewe. Ukurasa wa 4, ukurasa wa 17, ukurasa wa 52: duara, duara, duara. Kwenye ukurasa wa mwisho, mahali nilipowashukuru watu, jina lake nilikuwa nimeliandika sawa. Aliweka alama ndogo ya vema kando yake.

Haya. Kwenye kila meza kuna boksi, na ndani ya boksi kuna kalamu nyekundu za kutosha. Niliwaomba kila timu ije na nakala tano za toleo lake la mwisho. Zitoeni. Wa gazeti, wapeni wa kitabu cha mwaka. Wa kitabu cha mwaka, wapeni wa jarida. Wa jarida, wapeni wa gazeti, na hakikisheni mnampa mtu wa shule nyingine. Someni kila kitu, pamoja na matangazo na majina ya waliotengeneza. Mkikuta kitu mlichotamani kingekuwa chenu, kiandikieni hivyohivyo pembeni, kwa wino uleule. Tuna dakika 40, kisha kila timu inarudishiwa cha kwake.